Mpango wa Waenda kwa Miguu na Baiskeli: Anzia Kwenye Makutano

Mpango wangu wa kwanza ulikuwa na ramani nzuri kuliko zote nilizowahi kuchora. Mistari ya kijani, jumla ya kilomita imeandikwa chini pembeni, na juu yake picha ya mtoto anayetabasamu akiwa kwenye baiskeli. Baraza la madiwani likaupitisha kwa makofi. Mwaka uliofuata mkandarasi akapaka rangi njia ya baiskeli kando ya barabara kuu, kazi safi kabisa, hadi mita 40 hivi kabla ya makutano makubwa. Hapo rangi ikakoma. Mchoro wangu nao ulikuwa umekoma hapo hapo, kwa sababu makutano yalinishinda, na pembeni nilikuwa nimeandika kwa penseli: "Itashughulikiwa awamu ya pili."

Awamu ya pili ilichukua miaka 6 kufika. Miaka yote hiyo nilipita pale nikiwatazama watu wakifikia mwisho wa rangi, wakishuka, wakinyanyua baiskeli juu ya ukingo, wakichungulia huku na huku. Wengine waligeuza wakarudi walikotoka. Baada ya muda sikuwaona tena, na ofisini tukawa tunasema, kwa uso mkavu kabisa, kwamba njia ipo ila wananchi hawaitumii.

Nimestaafu sasa, baada ya miaka 19 katika idara ya mipango. Haya nayaandika kwa ajili ya ofisa kijana aliyekabidhiwa faili la "usafiri usiotumia injini" na asijue pa kuanzia, au diwani anayetaka kujua aulize nini. Tulizoea kuchora njia kwanza na kuyaacha makutano yasubiri. Geuza mpangilio huo: yapange makutano kwanza, halafu uyaunganishe kwa njia.

Tembea kabla ya kuchora

Wiki ya kwanza usifungue kompyuta. Chukua tepu ya kupimia, saa inayohesabu sekunde, chaki na daftari, kisha tafuta watu watatu wanaosafiri kweli kwa miguu: mama mwenye mtoto mgongoni na mzigo mkononi, mzee anayetembelea mkongojo, na mtu anayetumia kiti cha magurudumu. Ukimpata mtoto wa shule ya msingi, kwa ruhusa ya mzazi wake, ni bora zaidi, maana gari lililoegeshwa kwako ni gari, kwake ni ukuta. Waambie wakupeleke wanakokwenda kila siku. Usiwaongoze, wafuate. Kila wanaposimama, wanaposhuka barabarani au wanapozunguka kitu, piga alama ya chaki na uandike sababu.

Pima upana ulio wazi kweli. Michoro ya zamani hupima kutoka ukingo wa barabara hadi kwenye ukuta wa jengo, kana kwamba nguzo ya umeme, meza ya mchuuzi na pikipiki zilizoegeshwa havipo. Viti viwili vya magurudumu hupishana kwenye mita 1.8. Ukishuka chini ya mita 1.5, watu wawili hawawezi kutembea sambamba bila mmoja kuachia njia. Pima pia miteremko ya kupandia. Kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita 1 ya kwenda juu idaiwe sentimita 12 za urefu. Ukingo wa sentimita 15 basi unahitaji mteremko wa karibu mita 1.8. Ukiukuta una nusu mita, huo ni ukuta uliolazwa, hata kama mkandarasi amelipwa.

Kisha simama kwenye taa na uhesabu sekunde. Chukua barabara yenye upana wa mita 18. Wahandisi wengi hupanga taa ya waenda kwa miguu wakikadiria mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde, kwa hiyo sekunde 15 zinatosha kwenye karatasi. Mzee wako wa mkongojo anaweza kwenda mita 0.8 kwa sekunde. Yeye anahitaji sekunde 22 na ushei. Sekunde hizo 7 zilizopungua anazimalizia katikati ya magari yanayonguruma yakisubiri kuondoka.

Rudi usiku, uone taa zilizokufa. Rudi mvua ikinyesha, uone maji yanapotuama, kwa sababu dimbwi humsukuma mtu barabarani kwa nguvu kuliko nguzo. Na safari moja kati ya hizo nenda na mhandisi wa barabara. Mimi nilikuwa na hila yangu: nilimwomba mhandisi asukume kile kiti cha magurudumu. Baada ya mita 300 hakuna ripoti niliyohitaji kumwandikia.

Hesabu wanaopita, na wasiopita

Magari yamehesabiwa miongo na miongo, kwa mashine na kwa mikono. Waenda kwa miguu, katika halmashauri nyingi, hawajawahi kuhesabiwa hata mara moja, na kwenye kikao cha bajeti asiyehesabiwa hayupo. Baada ya Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, kuufunga mtaa wa Strøget kwa magari mwaka 1962, msanifu majengo Jan Gehl na wenzake walikwenda kuhesabu watu wanaotembea, wanaosimama na wanaokaa, na wakaendelea kuhesabu miaka iliyofuata. Daftari na kalamu vinatosha kuanza.

Hesabu kwa muda wa saa 12, tangu alfajiri hadi jioni, siku moja ya kazi na siku moja ya mapumziko. Ukihesabu asubuhi tu utawapata wanaokwenda kazini, ukawakosa wanawake na watoto ambao safari zao nyingi huwa fupi na hutawanyika mchana kutwa. Tenga safu kwa wanaume, wanawake, watoto na wazee. Tenga safu kwa baiskeli yenye mzigo, maana hiyo ni pana na haigeuki upesi. Na tenga safu ya wale wanaotembea barabarani ilhali kuna njia ya miguu pembeni. Safu hiyo ya mwisho ndiyo itakayokusomea makosa ya mchoro.

Utaambiwa: "Hapa hakuna baiskeli, njia ni ya nani?" Jibu liko kwa wasiopita. Mwaka 2006 Roger Geller, aliyekuwa akisimamia masuala ya baiskeli katika mji wa Portland, Marekani, aliwagawa wakazi wa mji wake katika mafungu manne. Wasioogopa chochote hawakufika hata asilimia 1. Wenye ari na kujiamini walikuwa kama asilimia 7. Theluthi moja hawakutaka kusikia habari za baiskeli. Waliobaki, kama asilimia 60, walitaka lakini waliogopa magari. Mji wako unaweza kuwa na mgawanyo tofauti, ila fungu hilo kubwa la waoga wenye hamu utalikuta. Mpango ni wao. Wale asilimia 1 watapita hata ukiwachorea njia juu ya waya.

Ajali nazo zihesabu, na usitosheke na kumbukumbu za polisi, kwa kuwa ajali nyingi za miguu na baiskeli haziandikishwi. Nenda hospitali, kaa na wauguzi wa mapokezi ya majeruhi. Ongea na walimu. Waulize mahali ambapo mtoto "nusura" agongwe, kwa sababu nusura tano za leo ni kaburi la mwakani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani, na zaidi ya robo yao walikuwa kwa miguu au kwenye baiskeli. Weka nukta nyekundu kwenye ramani kwa kila tukio. Naahidi, nukta hazitasambaa sawasawa. Zitarundikana kwenye makutano machache na kwenye vivuko vya vituo vya basi.

Ramani ya dakika

Sasa unaweza kuchora. Lakini usianze na barabara, anza na mahali watu wanakokwenda: shule, zahanati, soko, vituo vya basi, ofisi, viwanja. Viweke kama nukta, kisha andika kati ya nukta na nukta dakika za kutembea. Mji wa Pontevedra, Hispania, uliochukua katikati yake kutoka kwa magari tangu 1999 chini ya meya Miguel Anxo Fernández Lores, ulitengeneza ramani kama hiyo na kuiita Metrominuto. Inafanana na ramani ya treni za chini ya ardhi, ila mistari yake ni njia za miguu na vituo vyake vinatenganishwa kwa dakika. Watu wengi hushangaa kukuta safari waliyoidhania ndefu ni dakika 9.

Hesabu yake ni nyepesi. Mtu mzima hutembea kama mita 80 kwa dakika. Baiskeli isiyo na haraka huenda kama mita 250 kwa dakika. Kwa robo saa, miguu inakufikisha kilomita 1.2 na baiskeli karibu kilomita 4. Chora duara hizo kuzunguka kila shule na kila kituo cha basi, utaona mji wako ulivyo mdogo.

Unapounganisha nukta, Waholanzi wana vigezo vitano ambavyo sijaona sababu ya kuvibadilisha: njia ziungane, ziwe za moja kwa moja, ziwe salama, zisichoshe, na zipendeze. Cha kwanza ndicho kinachosahaulika. Sevilla, Hispania, ilikuwa na vipande vya njia za baiskeli visivyoungana, na waliovitumia walikuwa wachache. Kuanzia 2006, kwa muda usiofika miaka miwili, ikajenga takriban kilomita 80 kwa mpigo, zimeungana na kutengwa na magari, nafasi kubwa ikiwa imetoka kwenye maegesho. Wapanda baiskeli wakaongezeka mara nyingi. Kilomita 80 zilezile zingejengwa vipande vipande kwa miaka 20 zingetupa ile sentensi yetu ya ofisini: njia ipo ila wananchi hawaitumii.

Kama fedha hazitoshi mji mzima, na kwa kawaida hazitoshi, chukua mtaa mmoja wenye shule na soko uumalize wote, pamoja na makutano yake. Usitandaze mita 500 kwa kila kata ili kila diwani afurahi. Najua shinikizo hilo. Nilishawahi kulikubali.

Mwendo wa magari ndio unaoamua

Kwa kila kipande cha njia kuna swali moja linalotangulia upana na rangi: magari yanapita kwa mwendo gani? Si mwendo ulioandikwa kwenye kibao, mwendo wenyewe. Pima mita 50, simama na saa. Gari linalozimaliza kwa sekunde 6 liko kwenye kilomita 30 kwa saa. Likizimaliza kwa sekunde 3.6, liko kwenye 50.

Shirika la Afya Duniani linasema kila wastani wa mwendo unapopanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali yenye kuua hupanda kwa asilimia 4. Kwa hiyo mpango wa miguu na baiskeli ni kwanza mpango wa mwendo. Mahali magari ni machache na hayazidi kilomita 30 kwa saa, baiskeli na magari vinaweza kuchanganyika bila njia maalumu. Kwenye 50, tenganisha kwa ukingo, si kwa rangi. Zaidi ya hapo weka umbali, miti au mtaro katikati. Helsinki, mji mkuu wa Finland, ambako zaidi ya nusu ya mitaa ina ukomo wa kilomita 30, ilikaa miezi 12, Julai 2024 hadi Julai 2025, bila mtu hata mmoja kufa kwa ajali ya barabarani.

Kibao peke yake hakipunguzi mwendo. Barabara pana iliyonyooka humwambia dereva "kimbia" kwa sauti kubwa kuliko kibao. Punguza upana wa njia ya gari, weka matuta, na tuta lililo bora ni lile lenye mgongo bapa linalotumika pia kama kivuko: gari linapanda, mwenda kwa miguu anabaki usawa wake.

Mita zinatoka wapi

Hapa ndipo mipango mingi inapofia, mhandisi akisema nafasi hamna. Usibishane kwa maneno, chukua karatasi mjumlishe pamoja. Tuseme mna mita 20 kutoka mpaka hadi mpaka, na leo kuna njia nne za magari za mita 3.5 kila moja. Hizo ni mita 14, zimebaki 6 zilizoachwa zijitegemee: maegesho huku, mtaro kule, watu wanapenya wanapoweza.

Jaribu hivi. Njia mbili za miguu za mita 2.5, jumla 5. Njia mbili za baiskeli za mita 2, jumla 4. Kitenganishi cha sentimita 75 kila upande, jumla 1.5. Njia mbili za magari za mita 3.25, ambazo basi linapita, jumla 6.5. Mmefika mita 17. Zimebaki 3 za miti, vituo vya basi na mtaro uliofunikwa. Nafasi ipo, ila imegawiwa kwa uamuzi fulani wa zamani ambao hakuna anayekumbuka nani aliufanya. Na miti usiiweke mwisho wa orodha. Mahali penye jua kali, mita 400 zisizo na kivuli humrudisha mtu kwenye gari upesi kuliko mita 800 zenye kivuli.

Makutano

Kaa hapa. Ukiwa na miezi 10 ya kuandaa mpango, tumia 5 hapa.

Kitu cha kwanza ni kona. Kona iliyozungushwa kwa nusu kipenyo cha mita 10 au 12 humruhusu dereva kukata bila kugusa breki, na huo ndio wakati mtu anaingia kwenye kivuko. Ibane hadi mita 4 au 5, dereva atalazimika kupunguza. Utaletewa hoja ya malori na magari ya zimamoto. Sisi tulimwomba dereva wa zimamoto aje Jumapili alfajiri, tukapanga koni mahali ukingo mpya utakapokuwa, akapita. Akagusa moja. Tukaisogeza nusu mita, akapita tena. Hoja ile haikurudi kikaoni, kwa kuwa dereva mwenyewe alikuwa amekaa nyuma ya ukumbi. Lori kubwa linalopita mara chache unaweza kulitengea sehemu ya kona iliyoinuliwa kidogo, ambayo magurudumu yake yatapanda lakini gari dogo litaiogopa.

Pili, fupisha kivuko. Sogeza njia ya miguu mbele hadi mwisho wa maegesho, na katikati ya barabara pana weka kisiwa. Kisiwa kiwe na upana wa mita 2 au zaidi. Baiskeli ina urefu wa karibu mita 1.8, na mama mwenye kigari cha mtoto hana tofauti kubwa. Nimeona visiwa vya mita 1, ambamo mtu amesimama na gurudumu la mbele likiwa upande huu wa barabara na la nyuma upande ule.

Tatu, ondoa maegesho karibu na kivuko, mita 6 angalau kila upande. Hoboken, mji uliosongamana wa jimbo la New Jersey, Marekani, ulifanya hivyo kona baada ya kona kwa nguzo, rangi na vyuma vya kufungia baiskeli, pamoja na kupunguza mwendo, na kwa miaka kadhaa mfululizo tangu 2017 haukuwa na kifo cha barabarani. Ni kazi ya bei nafuu kuliko zote kwenye orodha hii, na ndiyo itakayokuletea simu nyingi za hasira.

Nne, taa. Waruhusu waenda kwa miguu sekunde 3 hadi 7 kabla ya magari yanayokata kona, ili wakutwe tayari katikati ya kivuko, wanaonekana. Na usimsubirishe mtu. Ukimsimamisha zaidi ya nusu dakika ataanza kutafuta upenyo, na hapo usimlaumu kwa utovu wa nidhamu. Umempangia wewe.

Tano, baiskeli zenyewe. Njia ya baiskeli isiishie kabla ya makutano kama yangu, wala isigandamane na njia ya magari hadi ndani. Irudishe nyuma kama mita 5, urefu wa gari moja dogo, halafu uivushe. Dereva anayekata kona atakuwa amekwisha kugeuka, anamwona mpanda baiskeli mbele yake uso kwa uso badala ya kumtafuta kwenye kioo, na anaweza kusimama kumpisha bila kuziba njia ya wa nyuma yake. Kisiwa kidogo cha kona kinamkinga anayesubiri. Waholanzi wamejenga hivyo muda mrefu, na ukikitazama kwa mara ya kwanza kwenye mchoro kinaonekana kama fumbo. Kipake kwa chaki uwanjani, pita na baiskeli, utakielewa kwa dakika 2.

Kwenye vichochoro vinavyoingia barabara kuu mambo ni mepesi: acha njia ya miguu iendelee usawa uleule, gari ndilo lipande na kushuka.

Na madaraja ya juu ya waenda kwa miguu? Wanasiasa huyapenda, yana utepe wa kukata. Fanya hesabu. Ili lori lipite chini yake, sakafu ya daraja itakuwa juu karibu mita 5.5. Kwa mteremko wa 1 kwa 12 hizo ni mita 66 za kupanda na 66 za kushuka, kabla ya kuweka sehemu za kupumzikia. Mtu wa kiti cha magurudumu anatembezwa mita 132 na zaidi ili avuke barabara ya mita 18. Wenye miguu yao watavuka chini kama kawaida, kisha utajenga uzio kuwazuia, kisha watautoboa. Acha daraja kwa barabara kuu ya mwendo kasi na reli. Mjini, weka taa na kisiwa.

Vikao

Mkutano wa saa nne asubuhi ukumbini huwaleta wastaafu na wenye maduka. Nenda kituo cha basi jioni, nenda kwenye lango la shule, nenda kwa chama cha watu wenye ulemavu kabla mchoro haujakauka, si baada yake. Na usiulize "mnataka njia za baiskeli?" Utapata ndiyo na hapana zisizo na maana. Uliza: "Ni wapi unaogopa?" na "Ni wapi unashuka?" Kila mtu ana jibu, na jibu lina anwani.

Wenye maduka wataogopa kupoteza maegesho. Hofu hiyo iheshimu. Mwombe mwenye duka akadirie ni wateja wangapi kati ya 10 wanakuja na gari, andika namba yake, kisha mkae naye mlangoni mchana mmoja mhesabu. Niliwahi kufanya zoezi hili mara kadhaa, na sikumbuki mara moja ambapo makadirio yalikuwa madogo kuliko ukweli.

Jambo likigoma, lijaribu. New York ilipoondoa magari sehemu za Times Square mwaka 2009, Janette Sadik-Khan akiwa kamishna wa usafiri, ilianza kwa rangi, mapipa na viti, na uamuzi wa kudumu ukaja mwaka uliofuata. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, inayofunga barabara kwa ajili ya baiskeli kila Jumapili tangu miaka ya 1970, Machi 2020 ilitandaza koni na kuongeza njia za baiskeli ndani ya siku chache. Majaribio yana masharti: tangaza tarehe ya mwisho, pima kabla ya kuanza, na urekebishe ndani ya wiki, si miezi. Na koni zifunge. Zetu ziliibwa zote wiki ya kwanza, tukaonekana tumeahirisha mpango.

Diwani mmoja aliniambia, "Mama, wapiga kura wangu wanadai lami, si vivuko." Nikamjibu, "Mheshimiwa, lami hiyo ikija ndiyo nafasi yetu." Sikumbembeleza. Barabara ikikwanguliwa na kuwekwa lami upya, mistari yote inachorwa tena kwa gharama ambayo tayari imeshapitishwa. Kwa hiyo pata ratiba ya ukarabati ya miaka mitatu ijayo, ilaze juu ya ramani yako, na kila mahali vinapokutana hakikisha mchoro mpya uko mezani kabla ya zabuni. Baada ya zabuni umechelewa.

Fedha, fagio na mifuniko

Mpango usio na kasma yake kwenye bajeti ni barua ya nia njema. Omba kifungu chenye jina, hata kikiwa kidogo, na cha matengenezo kiwe peke yake. Andika ni cheo gani kinachowajibika kwa kila kazi: nani anafagia vioo, nani anabadilisha taa, nani anamrudisha mkandarasi wa maji aliyechimba njia ya miguu na kuifukia kwa kifusi. Barabara kuu mara nyingi ni mali ya wakala wa serikali kuu, si halmashauri. Waandikie mapema, na omba mchoro wao wa makutano kabla hawajauita wa mwisho.

Mifuniko ya mitaro yenye nafasi ndefu zinazofuata mwelekeo wa barabara humeza gurudumu la baiskeli. Igeuze ikae mkato. Ni kazi ya siku moja kwa watu wawili na mtaimbo, na hakuna mpango niliousoma unaoitaja.

Kisha rudi uhesabu, siku ileile ya wiki, saa zilezile, umesimama kwenye nguzo ileile, shule zikiwa zimefunguliwa. Ukihesabu mara ya kwanza muhula na mara ya pili likizo, namba zako hazifai.

Makutano yangu yalijengwa hatimaye. Kona zilibanwa, kisiwa kikawekwa, njia ya baiskeli ikapita hadi upande wa pili. Mvua ya kwanza ikaonyesha kwamba mteremko mmoja wa kushukia ulikuwa umewekwa sentimita 3 chini ya mtaro, na mahali pale pale ambapo rangi iliishia zamani pakawa na dimbwi, watu wanalizunguka kupitia barabarani. Mkandarasi alikuwa amekwisha kulipwa. Kwa hiyo kabla hujasaini hati ya kupokea kazi, nenda na ndoo ya maji, imimine kwenye kila mteremko, na usubiri uone yanaelekea wapi.